Deki, Diski na Karani wa Saa

Sebuleni mwa ami yangu, Unguja, ipo deki nyeusi ya kurekodi iliyoletwa kutoka Uingereza mwaka 2006 na jamaa aliyekuwa akihama nyumba huko Leicester, nayo kila umeme ukatikapo na kurudi huamka kama mtu aliyezimia, ikamuuliza mwenye nyumba maswali matatu kwa adabu kubwa: atumia lugha gani, aishi nchi gani, na namba ya posta ya mtaa wake ni ipi. Katika majibu ya swali la kwanza Kiswahili hakimo. Katika majibu ya swali la pili zimo nchi za Ulaya peke yake. Na swali la tatu halina maana kwa mtu ambaye nyumba yake hujulikana kwa msikiti ulio nyuma na mwembe ulio mbele. Ami alijifunza zamani kuikubalia mashine yale iyatakayo. Huchagua Kiingereza, huchagua Uingereza, huandika namba ya posta ya nyumba ya Leicester ambayo wenyewe walikwisha kuiuza, na hapo mashine huridhika, ikamfungulia ukurasa mzuri wa rangi ya samawati wenye saa zilizopangwa juu na stesheni zilizopangwa ubavuni, vyumba vyote vya katikati vikiwa vitupu, na chini yake maneno ya kumwomba awe na subira kwa kuwa habari za vipindi zitawasili katika muda wa saa 24. Ami anasubiri tangu mwaka 2006.

Nauona ukurasa ule mtupu kuwa ndicho kiini cha suala zima la mashine hizi, ambazo kwa muda wa miaka kumi hivi, tangu mwanzo wa karne hii, zilihesabiwa kuwa kilele cha starehe ya nyumbani katika Japani na Ulaya, na kwa kiasi katika Marekani, kisha zikatoweka katika maduka mengi upesi kuliko zilivyoingia. Sanduku moja lilikuwa na vitu vitatu: diski ngumu ya kuwekea vipindi vingi kwa muda, tundu la DVD la kunakilia vile ambavyo mwenyewe ataka kubaki navyo, na mwongozo wa vipindi, yaani ratiba ya stesheni zote iliyoandikwa juu ya kioo cha televisheni, ambamo mtu husogea kwa rimoti mpaka kwenye jina la kipindi, akabonyeza kitufe kimoja, kazi ikawa imekwisha. Wauzaji walisifu diski, wanunuzi wakahesabu ni saa ngapi zitaingia ndani yake, na magazeti yakapima ubora wa picha. Walakini mnunuzi aliyedhani kuwa amejipatia ghala alikuwa, kwa yakini, amejipatia karani, na ujira wa karani yule ulilipwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa kadiri mtu huyo alivyoona faida.

Haja yenyewe, ya kukiahirisha kipindi mpaka wakati umfaao mtazamaji, ni kongwe kuliko diski. Sony ilipotoa Betamax mwaka 1975, na JVC ilipofuata na VHS mwaka 1976, mtazamaji alipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kuiambia stesheni ingoje, na uwezo huo uliwatia hofu wenye filamu kiasi cha kuwafanya Universal na Disney waishitaki Sony mwaka ule ule wa 1976. Kesi ilipanda ngazi za mahakama za Marekani kwa zaidi ya miaka saba, mpaka tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ikahukumu kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji John Paul Stevens akiandika kwa niaba ya walio wengi, kuwa mtu anayenasa kipindi nyumbani mwake ili akitazame baadaye hajamdhulumu mwenye kipindi. Na miongoni mwa ushahidi uliotajwa ulikuwamo wa Fred Rogers, mwenye kipindi mashuhuri cha watoto, aliyesema kuwa yeye binafsi hana kinyongo na wazazi wanaorekodi kipindi chake wakakionyesha kwa wakati uwafaao. Msomaji autazame vema mpaka wa hukumu hiyo. Majaji waliibariki haki ya kuahirisha. Kuhusu haki ya kujaza kabati vipindi vya watu kwa miaka, hawakusema neno la kukata. Ile deki iliyokuja baadaye ikiwa na diski ngumu upande mmoja na DVD upande wa pili iliurithi mgawanyiko huo ndani ya tumbo lake, kwa kuwa diski ngumu ni chombo cha kuahirisha, na DVD ni chombo cha kumiliki.

Hata hivyo ruhusa ya majaji haikumfundisha mtu yeyote kutega saa ya deki. Katika majumba mengi ya Marekani tarakimu 12:00 ziliwaka na kuzimika miaka nenda miaka rudi kifuani mwa mashine, ishara ya kuwa hakuna aliyethubutu kuigusa saa yake, na hao waliothubutu walitakiwa waandike siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, namba ya stesheni na mwendo wa kanda, kisha wakumbuke kutia kanda yenyewe na kuizima deki, na kosa moja kati ya hayo lilitosha mtu kuikuta kanda tupu, au kumkuta mtangazaji wa hali ya hewa mahali pa filamu. Wajerumani waliliendea jambo hili kwa njia iliyonivutia kuliko zote. Tangu mwaka 1985 stesheni zao zilipeleka pamoja na picha alama iliyoitwa VPS, ambayo kila kipindi kilikuwa na yake, deki ikawa haiangalii saa bali inaisubiri alama, hata mpira ukichelewa kumalizika na filamu ikasogea mbele kwa dakika arobaini, alama husogea nayo na kanda haipotezi kitu. Hii ilikuwa hekima kubwa, kwa sababu ilimkubali mtangazaji kuwa yeye pekee ndiye ajuaye lini ataanza kweli. Illa ilimtaka mtangazaji awe mwaminifu wa kupeleka alama kwa wakati, na si wote waliokuwa hivyo.

Marekani ilichukua njia ya hesabu. Mwaka 1990 kampuni ya Gemstar, ya akina Henry Yuen na Daniel Kwoh, ilileta mbinu ya kuifinya siku, stesheni, saa na urefu wa kipindi katika namba moja isiyozidi tarakimu nane, namba hizo zikachapishwa magazetini kando ya kila kipindi, na kazi ya mtazamaji ikawa ni kuzinakili kwenye rimoti. Kanuni ya kuzifinya ilikuwa siri ya kampuni, nayo ilitengenezwa kwa ujanja wa kumpunguzia mtu taabu, kwa kuwa vipindi vya saa zinazopendwa vilipewa namba fupi, na vile vya usiku wa manane namba ndefu. Uingereza iliiita VideoPlus+, Ujerumani ShowView, Japani G-Code. Majina mengi kwa kitu kimoja. Hapa ndipo ratiba, ambayo tangu zamani ilikuwa karatasi ya kusomwa tu, na ambayo jarida la TV Guide lilikuwa likiiuza kwa mamilioni ya Wamarekani tangu mwaka 1953, ilipogeuka kuwa mali ya aina mpya, yaani ufunguo wa mashine. Gemstar iliielewa thamani hiyo mapema kuliko watengenezaji wa mashine wenyewe, na mwaka 2000 ikaungana na TV Guide, ikawa na jina, na hataza, na ratiba, vyote chini ya paa moja.

Kutoka namba ya gazetini hadi ukurasa wa samawati ni hatua fupi ya fikra na ndefu ya ufundi. Ratiba ya wiki nzima ya stesheni nyingi lazima ifike ndani ya deki kwa njia fulani, na njia zilikuwa mbili. TiVo na ReplayTV, mashine za kwanza za diski ngumu kuuzwa kwa wingi Marekani, zote za mwaka 1999, zilipiga simu: usiku mashine hushika laini ya nyumbani, ikampigia bwana wake, ikachukua ratiba na kukata. Deki nyingi za DVD zenye diski ngumu zilitumia njia ya pili, ya siri zaidi. Picha ya televisheni ya zamani ilichorwa kwa mistari, na baina ya picha moja na inayofuata ilikuwako mistari michache isiyoonekana kiooni, iliyoachwa ili mwale upate muda wa kurudi juu. Katika mistari hiyo mitupu ndimo yalimopitia maandishi ya kurasa za televisheni za Ulaya, na ndimo ulimopakiwa mwongozo, kidogo kidogo, kupitia stesheni fulani iliyokubali kuwa mwenyeji wake. Kwa hiyo karani alikuja usiku, mashine ikiwa imezimwa lakini haikuchomolewa ukutani, akaandika hesabu za siku saba au nane zijazo, akaondoka kabla watu hawajaamka. Na wale waliolelewa katika mila njema ya kuchomoa kila kitu kabla ya kulala ili kuokoa umeme waliamka kila asubuhi na ukurasa mtupu, wakailaumu mashine.

Lakini mwongozo ulipofika, ulifanya jambo ambalo watu hawakulitazamia. Kila mtu alikuwa akitarajia urahisi wa kutega, na urahisi ulipatikana. Kilichokuwa kipya ni jina. Kanda ya video ilikuwa bubu: kilichomo kilijulikana kwa karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake, aghalabu imefutwa na kuandikwa juu mara tatu, na nyumba nyingi nilizoziona zilikuwa na kanda zilizoandikwa "usifute" ambazo hakuna aliyejua zimebeba nini. Deki yenye mwongozo ilikiandika kipindi kwa jina lake, tarehe yake, stesheni yake na muhtasari wa mistari miwili, bila mtu kugusa kalamu, na hivyo ikaigeuza akiba kuwa maktaba yenye fahirisi. Na kwa kuwa diski ngumu husoma na kuandika kwa wakati mmoja, mtu aliyerudi nyumbani filamu ikiwa imefika katikati aliweza kuianza mwanzo huku mashine ikiendelea kuinasa mwisho wake.

Kuhusu wingi wa akiba, hesabu ni nyepesi. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ambazo kwa ubora wa juu kabisa ni saa moja ya picha, kwa ubora wa kawaida saa mbili, na kwa ubora wa chini saa nne au zaidi, nyuso zikianza kufanya vigae vigae kila mtu anapokimbia. Diski ngumu ya gigabaiti 80, ambayo katika miaka ya 2003 na 2004 ilikuwa kitu cha kujivunia, ni sawa na DVD 17: saa 17 za ubora wa juu, saa 34 za ubora wa kawaida. Simu ya mkononi ya leo hubeba zaidi ya hapo, na hakuna anayejisifu kwayo.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa nimefika kwenye jambo ambalo watengenezaji wa mashine hizi hawakupata kuliwaza, nalo latuhusu sisi zaidi kuliko wao. Mashine hujua saa moja tu, ile inayoanza usiku wa manane na kuhesabu mpaka 23:59. Sisi saa yetu huanza na jua. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni 20:00 ya mashine, na mtu asiyezoea, akiandika 02:00 kwa kuwa ameambiwa saa mbili na ameambiwa usiku, atakuwa ameiamuru mashine irekodi saa nane za usiku, nayo itatii bila kuuliza. Kosa hili hurekebishika upesi, kwani mtu huizoea tofauti ya saa sita baada ya siku mbili. Gumu zaidi ni la siku.

Shangazi yangu, dada yake ami, aliniita siku moja akaniambia kuwa yametangazwa maulidi yatakayoonyeshwa usiku wa Ijumaa, saa tatu, naye hatakuwapo, nimwekee. Nilikaa mbele ya deki, nikaupuuza ule ukurasa wa samawati kama tulivyozoea, nikaingia mahali pa kutega kwa mkono, nikaandika Ijumaa, 21:00 hadi 23:00, nikahakikisha mara mbili, nikamwonyesha ami, naye akaridhia. Jumamosi asubuhi shangazi alikaa kitako, kanga begani, tukamfungulia. Wakatokea mabwana wanne nyuma ya meza wanajadili bei ya karafuu.

"Shangazi, hayakuonyeshwa," nikasema.

"Yameonyeshwa Alhamisi, mwanangu," akajibu bila kuudhika. "Nimekwambia usiku wa Ijumaa. Huo uliourekodi wewe ni usiku wa Jumamosi."

Alisema kweli, kwa mujibu wa hesabu ya wazee wa pwani na ya Waislamu kwa jumla, ambayo kwayo siku huingia magharibi, usiku ukatangulia mchana wake, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule unaoamkia Ijumaa. Mimi nilisoma shule iliyonipa kalenda nyingine, na mashine ilikuwa ya kalenda hiyo hiyo, basi tukakosea pamoja. Tangu hapo huuliza: usiku wa kuamkia lini?

Lakini nisingependa msomaji adhani kuwa mkanganyiko huu ni wa Unguja peke yake. Magazeti ya vipindi ya Ulaya huanza siku alfajiri na kuimaliza alfajiri ya pili, hivyo filamu ya saa sita na nusu usiku huchapishwa chini ya Ijumaa ilhali kwa kalenda imekwisha kuwa Jumamosi, na watu wasiohesabika waliitegea Ijumaa wakaikosa kwa saa 24 kamili. Wajapani, ambao ni watu wa kutaka kila kitu kiwe wazi, waliitatua taabu hiyo kwa kuirefusha siku: katika ratiba zao za televisheni kipindi cha saa moja na nusu baada ya usiku wa manane huandikwa 25:30, kana kwamba usiku hauna ruhusa ya kugeuka kesho mpaka watu walale. Kwa hiyo zipo hesabu tatu za usiku mmoja, ya magharibi, ya usiku wa manane na ya alfajiri, na kila moja ina akili yake. Na fadhila kuu ya mwongozo wa kioo ni kuwa humwepusha mtu na zote tatu, kwa kuwa anayebonyeza jina la kipindi hahitaji kuijua saa wala siku. Shangazi angalibonyeza neno "Maulidi", mambo yakaisha. Neno hilo halikufika kiooni mwetu, kwani karani aliyeajiriwa kwa ajili ya Leicester hakuwa na habari za Zanzibar, na kwa kuwa tulikuwa tumemwambia kuwa tuko Uingereza, alitufanyia fadhila nyingine tusiyoiomba: kila mwisho wa Machi huisogeza saa ya deki mbele kwa saa moja, kuadhimisha majira ya joto ya watu wengine, na kila mwisho wa Oktoba huirudisha.

Nikirejea kwenye upande wa DVD, lazima niseme kwa ufupi na kwa uchungu kiasi, kwani huko wenye viwanda waliwafanyia wateja wao dhihaka. Pioneer ilipouza Japani deki ya kwanza ya kurekodi DVD mwishoni mwa mwaka 1999, na Toshiba ilipoongeza diski ngumu katika deki ya namna hiyo mwaka 2001, ilikuwapo nafasi ya watu kukubaliana juu ya aina moja ya diski. Badala yake zikatoka DVD-R na DVD-RW za kundi moja, DVD+R na DVD+RW za kundi jingine lililokuwa na Philips na Sony, na DVD-RAM za Panasonic, Toshiba na Hitachi, ambazo zinafutika na kuandikwa hata mara 100,000 lakini deki nyingi za kawaida hukataa kuzisoma. Mbali na hilo, diski ya kuandikwa mara moja haikuwa imekamilika hata baada ya kurekodiwa, mpaka mtu aingie katika orodha ya kazi, atafute amri ya kuifunga, na kungoja dakika kadhaa huku mashine ikiandika mwisho wake. Asipoifunga, husomeka katika deki ile ile iliyoirekodi na pengine isisomeke popote pengine. Sijapata kuona chombo kingine cha nyumbani ambacho kazi yake ya mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, imefichwa ndani ya orodha ambayo mtu hana sababu ya kuifungua.

Baina ya diski ngumu na DVD palikuwa na mlinzi. Japani ilipoanza televisheni ya dijitali ya ardhini, stesheni zilianza mwaka 2004 kupeleka pamoja na kila kipindi alama ya kunakiliwa mara moja tu, na kwa kuwa ile ya diski ngumu ilihesabiwa kuwa ndiyo nakala ya kwanza, mtu aliyetaka kuipeleka kwenye DVD hakuinakili bali aliihamisha, ikafutika ilikotoka. Umeme ukikatika katikati ya safari, kipindi kiliweza kupotea kote kuwili. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha kuwalazimisha wahusika kulegeza, na tangu tarehe 4 Julai 2008 mtu akaruhusiwa kunakili mara kumi, ya kumi ikiwa ndiyo ya kuhamisha. Marekani nayo ilijaribu: tume yake ya mawasiliano iliamuru alama ya namna hiyo mwaka 2003, mahakama ikaitengua mwaka 2005 kwa hoja kuwa tume haikuwa na mamlaka juu ya yale yanayofanyika ndani ya mashine baada ya matangazo kupokewa. Ule mpaka walioukwepa majaji wa mwaka 1984 baina ya kuahirisha na kumiliki ulikuwa sasa umetiwa ndani ya chuma chenyewe, na hauhitaji tena jaji wa kuutetea.

Kilichoziua deki hizi Marekani, kwa rai yangu, ni kodi zaidi ya sheria. Makampuni ya waya na ya dishi yalianza kuwapangisha wateja visanduku vyenye diski ngumu ndani yake na mwongozo wao wenyewe, na mtu aliyekuwa na kisanduku cha kampuni kisha akanunua deki yake alilazimika kuviunganisha kwa hila: waya mwembamba wenye kibalbu kidogo mwishoni, uliobandikwa kwa gundi mbele ya jicho la kisanduku, ambao deki iliutumia kuigiza rimoti na kubadilisha stesheni usiku wa manane. Kibalbu hicho kilikuwa kikianguka. Paka akipita, mtoto akifagia, gundi ikichoka, deki hubadilisha stesheni kwa hewa tupu na kurekodi chochote kilichokuwa kimeachwa. Mwezi Machi 2007 ikaingia amri kuwa kila chombo chenye kipokezi cha televisheni kiwe na kipokezi cha dijitali, gharama ikapanda, na watengenezaji wengi wakaona biashara haina maslahi. Uingereza Sky+ ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 2001 kwa mtindo huo wa kisanduku cha kampuni, na DStv ikauleta Afrika mwaka 2005. Kisanduku cha namna hiyo hakina tundu la DVD. Mwenye nacho huahirisha apendavyo na hamiliki kitu, na siku akiacha kulipa, hata kile alichokwisha kukinasa aghalabu hufungwa.

Na karani wa kisanduku huandika pande zote mbili. Mwezi Februari 2004, baada ya fainali ya mpira wa Kimarekani ambamo nguo ya mwimbaji Janet Jackson ilifunuka jukwaani, TiVo ilitangaza kuwa tukio lile lilirudiwa na watazamaji wake kuliko jambo lolote ililowahi kulipima, na watu wengi walishtuka, kwa kuwa hawakuwa wamefikiri kuwa kitufe cha kurudisha nyuma kina shahidi. Kampuni ilieleza kuwa hesabu zilikuwa za jumla, bila majina. Mimi nakubali kuwa zilikuwa hivyo. Lakini deki ya ami, pamoja na upungufu wake wote, haijapata kumweleza mtu yeyote tulichokitazama.

Ile mistari isiyoonekana ilikufa pamoja na matangazo ya analojia: Marekani Juni 2009, sehemu kubwa ya Japani Julai 2011, Uingereza mwaka 2012, na kwetu Tanzania kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Barabara aliyopita karani ilifungwa. Ofisi yake nayo iliuzwa na kuuzwa tena, kwani Gemstar ilinunuliwa na Macrovision mwaka 2008, Macrovision ikajiita Rovi mwaka 2009, na mwaka 2016 Rovi ikainunua TiVo na kuchukua jina lake. Katika dijitali mwongozo husafiri ndani ya matangazo yenyewe, stesheni ikijiandikia ratiba yake, na huo ni uamuzi bora, unaofanana na ule wa Wajerumani wa mwaka 1985. Ila ubora wake hauzidi bidii ya mwandishi. Nimeona katika ving'amuzi vya kwetu stesheni iliyoandika neno "Kipindi" kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, na nyingine ambayo ratiba yake ya Ramadhani ilikuwa bado ipo mwezi wa Mfungo Tatu.

Deki ya ami sasa inapokea picha kwa nyaya tatu za rangi kutoka kwenye king'amuzi, saa yake imetegwa kwa mkono, na diski ngumu yake bado inazunguka. Tundu la DVD ndilo lililokufa, mwaka juzi. Katika bati la biskuti juu ya kabati zimo diski 14 alizozijaza kwa miaka: harusi, hitma, mashindano ya ngalawa, na yale maulidi ya shangazi, yaliyorudiwa mwaka uliofuata tukayapata. Tulipozipeleka kwa deki ya jirani, tatu zilicheza. Kumi na moja zilizunguka kidogo, zikatoa mlio, na maandishi yakatokea kuwa hakuna diski, kwa kuwa ami hakupata kuambiwa kuwa zinafungwa, na ile mashine pekee ambayo ingeweza kuzifunga ndiyo iliyopoteza jicho. Fundi mmoja wa Darajani alijaribu njia nyingine kwa kile kilichobaki ndani: aliichomoa diski ngumu, akaiunganisha na kompyuta yake, tukainama sote watatu kuangalia. Kompyuta haikutambua chochote. Ilisema diski ni tupu, ikauliza kama aisafishe ili iweze kutumika.

"Hapana," ami akasema. "Irudishe ulikoitoa."